Kiti Chenye Kengele

Jumapili, 3 Machi

Habari mbaya asubuhi, wazo kubwa mchana. Ndivyo kichwa changu kilivyo. Hakikubali kulala na tatizo.

Dada Mkubwa amepiga simu. Huyu ni dada wa mke wangu, anaishi ng'ambo ya ghuba, nchi ya jirani. Ndiye aliyemlea mke wangu toka akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa macho yamemchoka, na mwanawe ametaka akaishi naye bara, mbali huko, kusikofika treni wala chombo cha majini. Barabara tupu. Anahama Jumapili ijayo.

Mke wangu aliiweka simu, akachukua shati langu akalikunja. Akalikunjua. Akalikunja tena. Hakusema kitu. Hapo nikajua mambo ni mazito, maana kwa kawaida mke wangu hulikunja shati langu huku akilisema.

Tatizo lenyewe ni hili. Mke wangu hapandi gari. Si maringo. Akiingia kwenye gari anatapika kabla dereva hajatia gia. Basi, teksi, pikapu, yote sawa. Siku ya harusi yetu gari la maharusi lilipambwa likasimama mlangoni, na sisi tukalipita, tukaenda ukumbini kwa miguu, yeye na shela lake, mimi na viatu vipya vinavyouma. Mtaa mzima ulituona. Maharusi wa kwenye gari huonekana vichwa tu. Mpaka leo nasema ile ndiyo harusi bora kuliko zote nilizohudhuria.

Treni anapanda. Chombo cha majini anapanda, tena anasimama mbele kama nahodha. Baiskeli usiseme. Ni gari tu. Daktari alisema ni sikio la ndani. Mimi, kama fundi makochi, nina maelezo yangu: ni viti. Viti vya magari vimeshonwa na watu wasiowapenda binadamu wenzao.

Sasa wazo. Kivuko cha ghuba, kilichokuwa kimekufa miaka yote hii, kimefufuka mwaka huu. Treni mpaka bandarini. Kivuko mpaka ng'ambo. Baiskeli juu ya barabara ya tuta mpaka mlangoni kwa Dada Mkubwa. Kibali cha kutwa kinatolewa palepale gatini: unaingia asubuhi, unatoka na kivuko cha mwisho. Safari ya kimataifa, siku moja, bila gari. Jumamosi hii.

Nimemwambia mke wangu aniachie mimi. Mimi ni mtu wa dunia. Nimeshona kochi la balozi. Au la mpishi wa balozi, lakini nyumba ni ileile.

Akalikunja shati vizuri.

Jumatatu, 4 Machi

Steshoni. Karani wa tiketi ni mama mmoja mwenye miwani iliyoshukia puani. Nimemweleza mpango wote, na historia yangu kidogo, ili ajue anaongea na nani. Waliokuwa nyuma yangu wakaanza kukohoa. Akasema baiskeli haziingii kwenye mabehewa ya abiria wikiendi. Nikauliza behewa la mizigo. Wikiendi haliunganishwi kwenye treni. Akanyoosha kidole kwenye tangazo ukutani.

Shule niliiacha mapema, lakini tangazo nalisoma kuliko mwanasheria. Abiria anaruhusiwa mzigo wa mkononi, kifurushi kilichofungwa vizuri, au samani ndogo ya kukalia mtu mmoja.

Samani. Nilisimama pale kama mtu aliyeitwa kwa jina lake. Sikuhitaji kusoma zaidi.

Jioni akaja shemeji, kaka wa mke wangu. Mtaa mzima unamwita Bwana Klachi, kwa sababu anafundisha udereva, na hata akinywa chai mguu wake wa kushoto unakanyaga kitu. Gari lake ni lile la shule, jeupe, lenye breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja ya woga. Yeye anakwenda Ijumaa, kwa barabara, kuizunguka ghuba yote. Atamsaidia Dada Mkubwa kufungasha, na Jumapili ndiye atakayempeleka bara.

Akaniita pembeni. Akasema nisimpe dada yake matumaini ya bure. Atafika bandarini, atakwama, atalia, na yeye kaka mtu hatakuwepo. Akasema mtu bila gari ni mzigo unaojibeba. Nikamjibu kwamba yeye ni mzigo unaojiendesha. Akacheka kile kicheko chake cha puani.

"Shemeji," akasema, "ukimfikisha dada yangu kule bila gari, hili gari langu lichukue ulifanye utakavyo."

Ana uchungu wa kweli na dada zake, hilo nampa. Ila kwenye samani hajui kitu.

Jumanne, 5 Machi

Nimeishusha baiskeli kutoka ukutani mwa karakana. Vumbi lake lilinifanya nipige chafya mpaka msumari ukanitoka mdomoni.

Baiskeli hii ina ukoo. Ilikuwa ya Dada Mkubwa, enzi za tanuri lake. Yeye alioka mikate, na mke wangu, binti mdogo miguu haifiki chini, akaisambaza kabla ya kwenda shule. Kikapu mbele, kikapu nyuma, tuta zima, upepo wa ghuba ubavuni. Sifa zake mpaka leo hazijaisha kule: haukuwahi kuanguka mkate hata mmoja. Dada Mkubwa aliketi mlangoni akisikiliza kengele, na kwa mlio tu akajua mdogo wake yuko kona gani. Tulipooana, baiskeli ndiyo ikawa zawadi. Wenzangu walipewa makabati. Mimi nikapewa mwanamke anayeweza kuachia usukani huku anafunga kilemba.

Mimi mwenyewe naendesha vizuri sana. Kona tu ndizo huwa zinanionea.

Nikamweleza mke wangu mpango. Treni haitaki baiskeli, treni inataka kiti. Basi baiskeli itasafiri ikiwa kiti. Nitaivalisha sponji na kitambaa, tukifika ng'ambo tunaivua, tunaondoka.

Akauliza kwa nini tusifungue magurudumu tukaitia yote kwenye gunia. Si tangazo limesema kifurushi?

Nilimwonea huruma. Nikamweleza taratibu kwamba gunia ni la mtu asiye na fani. Mtu mwenye fani akitumia gunia, amewatukana waliomfundisha.

Akasema haya, baba watoto.

Jumatano, 6 Machi

Kazi imenoga. Nimeacha kochi la mteja likiwa uchi katikati ya karakana, springi nje nje, kwa sababu fikra hii haisubiri.

Magurudumu yamekuwa mikono ya kiti, moja kila upande, mviringo, mtindo wa kizamani wa wenye nyumba kubwa. Fremu imelala, ndiyo kitako. Tandiko limekuwa mahali pa kuegemeza kichwa. Usukani nimeuingiza ndani, chini ya makalio. Mgongo umetoka mrefu kidogo, kama kiti cha jaji, lakini hiyo ni hadhi, si kosa.

Kengele imegoma kutoka. Skrubu imeshikana na kutu. Nimeiacha humohumo, nikaifunika na sponji nene. Kengele gani italia chini ya sponji yangu?

Kitambaa ni mahameli nyekundu niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya mteja mkubwa atakayekuja siku moja. Amekuja. Ni mke wangu.

Alipita kuniletea chai. Akasimama, akakishika kiti mkono. Akasema kwa sauti ndogo kwamba ni kizuri kweli. Nikajifanya sikusikia ili aseme tena. Akasema tena.

Alhamisi, 7 Machi

Leo mazoezi. Nimepanga makochi yote ya karakana kwa mistari miwili, njia katikati. Treni. Mke wangu akakaa dirishani, kiti chetu pembeni yake. Mimi kondakta. Nikapita nikiyumba kama watu wa relini, nikamuuliza mama, hiki nini.

Akajibu: "Kiti cha mume wangu. Anakipenda kuliko mimi."

Nikamwambia kondakta wa kweli hapaswi kucheka, kwa hiyo asinichekeshe. Tukarudia. Nikauliza unakipeleka wapi. Akasema kwa dada yangu, macho yake hayaoni vizuri tena, nataka akiguse. Baada ya hapo kondakta alishindwa kuendelea na kazi. Tukanywa chai ndani ya behewa.

Akaingia mteja, mwenye lile kochi lililo uchi. Hakuliuliza hata. Alikiona kiti akataka kukinunua palepale. Nikamwambia hakiuzwi, kinasafiri nje ya nchi. Nilivyoyatamka maneno hayo, nilijiona nimeongezeka urefu.

Ijumaa, 8 Machi

Bwana Klachi ameondoka. Alipiga honi ndefu kama ya msiba mbele ya karakana. Akachungulia ndani, akaona kiti, akauliza baiskeli iko wapi. Nikamwambia amesimama karibu nayo. Hakuelewa. Akasema atatusubiri kwa Dada Mkubwa, na tusipofika atatutetea, atasema tulikuwa na nia njema. Mchokozi huyu. Lakini nilimwona anakagua upepo wa magurudumu yake kwa makini, na kiti cha mbele amemtandikia Dada Mkubwa shuka safi.

Nimeshona kila mahali uzi mara mbili, mishono ya kufa na kuzikana. Umebaki mshono mrefu wa chini tu, wa kufunga kitako. Mke wangu akasema huo ataushona yeye. Nikashangaa. Akasema mgongo wangu umechoka, nikapumzike. Nikamwachia. Fundi mkuu lazima awape wengine nafasi.

Alishona akiwa ameupa mwanga mgongo, sikuona vizuri. Aliwahi kumaliza. Akakata uzi kwa meno, akaacha kipande kinaning'inia. Nikamwambia kinaharibu umbo. Akasema kiache hivyo hivyo. Nikaacha. Unyoya mmoja haumharibii jogoo sifa.

Ameoka mikate mitatu. Nyumba nzima inanukia.

Jumamosi, 9 Machi

Ndani ya treni. Tumo. Naandika nikiwa nimekaa juu ya kiti chetu, kwenye nafasi karibu na mlango. Karani wa steshoni alikitazama kiti, akanitazama mimi, akatazama tangazo, akagonga muhuri. Kondakta alikizunguka kiti taratibu, akapapasa mahameli, akauliza nimejifunza wapi. Nikamwambia kila mahali.

Kasoro ndogo. Treni ikipita juu ya maungio ya reli, kiti kinalia. Kling. Nikaanza kukohoa kila kikilia. Abiria mmoja amenipa pipi ya kikohozi. Mke wangu ameuelekeza uso dirishani, mabega yanatikisika. Nadhani ni upepo.

Hajaugua hata kidogo. Amekula mkate, ameangalia mashamba, ameniambia majina ya ndege. Mwanamke huyu akiwa safarini unaona kabisa kwamba dunia ilimkosea kwa kubuni gari.

Juu ya kivuko. Kibali cha kutwa ninacho mfukoni. Kwenye sehemu ya shughuli nimeandika: mtaalamu. Mke wangu amesimama mbele kabisa, upepo umemjaa kwenye nguo. Nahodha amempungia mkono. Nimempungia nahodha mimi, ili ajue mwenyewe nipo.

Sasa niko kwa Dada Mkubwa, kwenye ngazi ya mlangoni. Lazima niyaandike ya forodha kabla hayajapoa.

Tuliposhuka, foleni ikapita meza ya forodha. Afisa ni mama mnene, mtulivu, sare imenyooka, amekaa kwenye kiti cha ofisi kilichokatika mgongo na kufungwa kamba. Akakiona kiti chetu tukiwa bado mbali. Akainuka.

Akauliza ni nini. Nikasema kiti. Akauliza cha nani. Nikasema changu, kwa mikono hii. Akaomba kukikagua. Kukikagua maana yake alikikalia.

Kling.

Foleni nzima ikageuza shingo. Mama wa forodha akainuka, akatazama chini, akakaa tena. Kling. Nikasema ni springi. Akasema, "Baba, springi za kwetu hazisemi."

Akaegemea. Akafumba macho kidogo. Akatangaza mbele ya watu wote kwamba tangu aanze kazi hajawahi kukalia kiti kama hiki. Nilitazama huku na huku kuhakikisha wote wamesikia. Halafu akasema ndiyo maana hakiwezi kupita. Kiti kipya, kizuri namna hii, ni bidhaa. Bidhaa inasubiri mthamini. Mthamini anakuja Jumatatu.

Nikamwambia sisi ni watu wa kutwa, tuna ndugu anahama kesho, na bila hiki hatufiki. Akasema mtu hahitaji kiti ili afike. Angekuwa na baiskeli, tungeongea mengine. Chombo cha mtu cha kusafiria kinapita bure, hata hakiulizwi.

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa ameukumbatia mfuko wa mikate, macho kwenye barabara ya tuta iliyoanzia nje ya geti, imenyooka, nyeupe, tupu. Kwa miguu tungefika tu wakati wa kugeuka. Hakunilaumu. Hakusema gunia. Mwanamke mwingine angesema gunia.

Nikawatazama watu wa foleni, ambao bado walikuwa wanakisifu kiti changu.

Nikasema, "Mama, hiki si kiti."

Maneno mazito kuliko yote niliyowahi kuyatamka, na nimewahi kumwambia mteja kwamba kochi lake limeungua. Nikasema ni baiskeli. Nikasema niliivalisha kwa sababu ya treni. Watu wakacheka. Mama wa forodha hakucheka. Akasema kama ni baiskeli, na aione baiskeli.

Nikapiga magoti nikaanza kufumua. Hapo nikakutana na adui mkubwa, yaani mimi mwenyewe. Uzi mara mbili. Mishono ya kufa na kuzikana. Mkasi niliuacha juu ya lile kochi uchi. Nikavuta kwa kucha, nikavuta kwa meno. Mahameli haikutikisika. Kazi yangu nzuri, mama yangu wee.

Mke wangu akaweka mikate chini. Akachuchumaa upande wa chini, akakishika kile kipande cha uzi kilichokuwa kinaning'inia, akavuta. Mara moja tu. Trrrrr, kuanzia kona hii mpaka kona ile, na kitako chote kikafunguka kama nguo. Sponji ikamwagika, mahameli ikaanguka, na baiskeli ikabaki imelala pale mbele ya mataifa mawili.

Kumbe uzi ule ulikuwa mbovu. Nitaongea na muuzaji wa nyuzi. Lakini mke wangu ana mkono wenye bahati, hilo nimelisema siku zote.

Akatoa spana kwenye mfuko wa mikate. Sijui ilifikaje humo. Gurudumu la mbele, gurudumu la nyuma, mnyororo, usukani. Vidole vyake vilikwenda bila kumwuliza mwenyewe, kama mtu anayesuka nywele za mtoto wake. Foleni ilijisogeza imwone. Mzee mmoja alishikilia fremu bila kuombwa. Mama wa forodha akatupisha kwa mkono, kisha akauliza sponji na mahameli vitakuwa mali ya nani. Nikamwambia avitunze, nitavipitia jioni.

Usukani nikamwachia mke wangu, kwa heshima ya barabara yake. Mimi kwenye keria, mikate mapajani. Sikuwahi kumwona vile. Mgongo umenyooka, kilemba kinapepea usoni kwangu, tuta linakuja linapita. Kila kona alijua kabla haijafika. Mara aliachia usukani, nikafumba macho, nikasikia anafunga kilemba. Nimebebwa na treni, na kivuko, na mwanamke huyu, na katika wote watatu yeye ndiye laini kuliko wote.

Karibu na nyumba akaanza kupiga kengele. Kling-kling, anapumzika, kling. Sikujua kama ina mpangilio. Ina.

Dada Mkubwa alikuwa ameketi mlangoni kati ya masanduku yaliyofungwa. Macho yake hayakutuona, yalikuwa yanatazama pembeni kidogo. Lakini mikono alikuwa amekwisha kuinyoosha.

"Leo mkate wangu umechelewa," akasema.

Mke wangu akaiacha baiskeli ianguke, mimi nikiwa bado juu yake. Sikulalamika. Nilipoinuka, walikuwa wameshikana, na hakukuwa na nafasi ya mtu mwingine hapo, hata wa kimataifa.

Bwana Klachi akatoka ndani na magazeti ya kufungia vyombo mkononi. Alifika jana, salama, sina la kumsema. Akatazama barabarani akitafuta gari. Hakuna. Akaitazama baiskeli. Akamkumbatia dada yake, kisha akanikumbatia mimi, kifupi zaidi. Macho yalikuwa mekundu. Akasema ni vumbi la magazeti. Nikasema ni kweli, magazeti yana vumbi.

Dada Mkubwa akakata mkate kwa kupapasa, vipande sawasawa kabisa. Akaonja. Akasema chumvi kidogo imezidi. Mke wangu akacheka mpaka akalia, au kinyume chake. Akaambiwa ajifunze. Wakaingia ndani wawili, wakalala kwenye godoro lililobaki, wanaongea wakitazama dari. Mimi na Bwana Klachi tukafunga vyombo. Anafunga vikombe vizuri yule mtu. Kila kimoja kama yai.

Ndani ya treni tena, tunarudi. Wakati wa kuondoka Dada Mkubwa alinipa gunia tupu la unga, akasema la baiskeli. Sijui ni nani alimwambia. Gatini nilimpitia mama wa forodha. Tulisubiri kivuko, na mikono yangu haijui kukaa, nikakivalisha kiti chake kilichokatika mgongo sponji na mahameli ile. Alikikalia. Akainuka akatazama chini. Akasema kimekuwa kizuri, ila kimekuwa kimya mno.

Kondakta amelipita gunia bila hata kuligusa. Mzembe. Mtu angeweza kubeba chochote humo.

Mke wangu amelala begani kwangu. Ana unga shavuni.

Jumapili, 10 Machi

Dada Mkubwa amefika bara. Bwana Klachi alipiga simu, akasema alimwendesha polepole mpaka malori yakamtukana. Mke wangu akaongea na dada yake. Walicheka mara nyingi. Alipokata simu alikaa ameishika, akasema sasa ndiyo basi, kule ni barabara tupu.

Nikamwambia aniachie mimi.

Kwa sababu nilifikiri njia nzima ya kurudi. Treni inataka kiti, tukaipa kiti. Mke wangu anataka treni. Sasa gari ni nini? Ni behewa dogo lililoshonwa vibaya. Na mwenye gari alitamka mwenyewe, mlangoni kwangu, kwamba nikimfikisha dada yake, gari nilifanye nitakavyo. Nimemfikisha.

Nimekwisha kuchora. Viti vya mbele na nyuma vinang'oka, linaingia benchi la mbao lenye mto, dirishani. Pazia la kijani. Rafu ya mizigo juu. Sauti ya reli nitaitengeneza kwa kokoto ndani ya kopo chini ya sakafu. Bwana Klachi atavaa kofia na kukata tiketi. Breki ya pili itabaki, hiyo ndiyo ya dharura, mabehewa yote yanayo. Anarudi kesho. Sijamwambia, habari kubwa haitolewi kwa simu.

Mke wangu aliusoma mchoro akiwa amesimama. Akauliza kama nimelipima gari la kaka yake. Nikamuuliza gari lipi, hilo sasa ni behewa. Akauweka mchoro chini, akaziba mdomo kwa mkono, mabega yakaanza kutikisika. Dirisha lilikuwa wazi, ule upepo tena.

Kisha akasema sawa. Lakini mshono wa chini ataushona yeye.

Nimemkubalia. Sijui kwa nini anapenda sana mishono ya chini. Nadhani ni unyenyekevu.